Tulivyomsinga Farasi kwa Mwani

Mtaani walimwita mke mwenzangu. "Mwenzio kaamkaje?" wakiniuliza kisimani, nami nikijibu kaamka salama, kala kunishinda mie, na mume wetu yuko kwake tangu alfajiri. Wakacheka, nikacheka nao, maana ukinuna kwa utani wa kisimani ndoo yako itajazwa ya mwisho. Ila wivu kidogo nilikuwa nao, nisiseme uongo. Mume wangu alikuwa saisi, mtunza farasi wa Mzungu mmoja upande wa Msasani, na huyo farasi jike alichanwa nywele za shingoni kila siku ya Mungu. Mie zangu nilisukwa kwa jirani, na nikirudi nimesukwa upya mume wangu hata hagundui.

Tulikaa Kinondoni. Msiniulize Kinondoni ipi, maana hii yenu ya leo na ile yetu hazijuani. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, vita vya pili vimeshakwisha, na mihogo ilikuwa mingi kuliko nyumba. Ukitoka kwangu kwenda baharini ulipita mihogo, mikorosho, kisha mihogo tena, ndipo ufike kwenye nyumba za Wazungu zenye vibaraza vipana. Mume wangu alipita njia hiyo kwenda na kurudi, na jioni aliingia ndani ananuka farasi. Nilizoea. Hatukuwa na mtoto wakati huo. Mimba mbili zilikuwa zimetoka, ya pili nikiwa nimeshaanza kumsikia akicheza, na tangu hapo mume wangu aliongeza muda wa kukaa bandani. Watu walisema mke mwenza, lakini mie nilijua yule farasi amekaa mahali gani moyoni mwake. Alikuwa binti yake.

Mwaka ule mvua za masika zilikuja na homa ya farasi. Yule Mzungu, Bwana tulivyomwita, alikuwa na wawili, dume mzee na huyu jike. Dume alipona haraka. Jike aliponea tundu la sindano, akabaki mbavu tupu, kwato zimepasuka, manyoya yamenyonyoka kama jamvi la zamani. Daktari wa mifugo alimtazama akatikisa kichwa. Na katikati ya hayo Bwana akapata habari kwamba kazi yake huku imekwisha, baada ya miezi michache anarudi kwao moja kwa moja, yeye na mkewe, Memsahibu.

Masaisi wote walijua maana ya habari hiyo. Mzungu akihama, kabla hajapanda meli, hupiga risasi mbwa wake na farasi wake. Niliposikia mara ya kwanza niliona ni maneno ya watu wa jikoni. Mume wangu akanieleza kwamba ndivyo walivyo, na kwamba kwao hiyo ni huruma: wanaogopa mnyama atabaki kwa watu watakaompiga, au wasiojua kumtunza. Huruma ya bunduki! Haya, kila mtu na kwao.

Dume alikuwa ameshahukumiwa. Ila yule jike, kwa kuwa alikuwa hoi vile, Bwana hakumjali. Alimwambia mume wangu kwamba akitokea mtu wa kumtaka amchukue tu, hata bure, kwani hata hivyo hafiki mbali. Mume wangu alirudi nyumbani siku hiyo anatembea kama kijana. Alikuwa anamjua mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa mzee mmoja wa Buguruni mwenye asili ya Kiarabu, mwenye duka la nafaka. Kwake ndiko mume wangu alikonunua pumba za farasi. Baba yake mzee yule alikuwa na farasi enzi za Mjerumani, naye mwenyewe amekua akipakatwa juu ya tandiko, na kila mume wangu alipofuata pumba ilibidi asikilize habari za farasi yule tangu mwanzo hadi mwisho. Nyuma ya duka alikuwa na ua mkubwa wenye kivuli. Aliposikia kuna farasi anatafuta mwenyewe, alikuja kwa miguu kutoka Buguruni hadi Msasani, na kanzu yake nyeupe, jua la saa sita. Akampapasa yule jike mbavu, akamtazama meno, akamsemesha kidogo Kiarabu. Kisha akasema Bismillahi, atamchukua hivi hivi alivyo, hata leo, na mume wangu amfuate akamtunze huko huko, maana yeye mwenyewe magoti hayamsaidii tena.

Farasi angepona na bunduki, na mume wangu angepata kazi mpya siku ile ile kazi ya kwanza inakwisha. Ndivyo Mungu alivyotuwekea mezani.

Mume wangu akakataa. Hakukataa kabisa, alikataa kwa adabu. Alisema, "Shekhe, nipe muda. Mwali hatolewi na vumbi lake. Niache nimsinge kwanza, uje umchukue akiwa farasi."

Kwa asiyejua mambo yetu nieleze. Sie watu wa pwani binti akikaribia kuolewa anawekwa ndani. Somo wake, yule kungwi, anamsugua kwa liwa, unga wa msandali, anamsinga kutwa na kucha, analishwa, hatoki juani, hata siku ya kutolewa ngozi yake inang'aa unaweza kujitazamia. Jamaa wanaomtoa binti yao na magaga miguuni wanasemwa mpaka kaburini. Kwa hiyo mume wangu alipotazama zile kwato zilizopasuka aliona aibu, aibu ya mzazi. Mzee wa Buguruni alikuwa mtu wa pwani vile vile, akaelewa. Alicheka, akasema subira yavuta heri, akarudi kwake kusafisha ua. Nami niliposimuliwa nilimwambia mume wangu amefanya vizuri. Nilimwambia hivyo kwa kinywa changu.

Sasa mwani. Huo ulitoka kwa Memsahibu. Mwanamke yule alikuwa mwembamba, mpole, asiyeweza jua letu, na kwao ni kisiwa cha baridi ambako, alivyosema, farasi hushuka wenyewe pwani maji yakipwa wakala mwani miambani. Na farasi aliyekonda hukaushiwa mwani huo ukasagwa, akawa anachanganyiwa kwenye chakula, kwato zikakaza na manyoya yakarudi. Alishuka na mume wangu ufukweni akamwonyesha unaofanana na wa kwao, ule wa rangi ya kahawia wenye vibofu vidogo vinavyopasuka ukivikanyaga. Jioni mume wangu akanipa kazi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwetu mwani ulikuwa takataka ya kukunasa miguu ukiokota kombe. Kisha nikamwona uso, nikaacha kucheka, nikatafuta kikapu.

Basi nikawa nafuatana na wanawake wa kombe wakati wa maji kupwa. Wao wanainamia kombe, mie nainamia majani. Ule uliotupwa mchangani hauchukuliwi, umeshaoza na una inzi. Unakata ule ulio hai mwambani, unaacha shina uote tena. Ukifika nyumbani unausuuza kwa maji ya kisima kuondoa chumvi na mchanga, unausuuza tena, unaonja kwa ulimi, bado, unasuuza tena. Mwenye kisima alininunia, nami sikumlaumu. Halafu unauanika juu ya jamvi, unaugeuza kama udaga wa muhogo, ukikauka ukawa unavunjika mkononi unautwanga na kuuchekecha. Kinu changu kilishika harufu. Nilitwanga mchele wa vitumbua, vitumbua vikanuka ufuko, na mume wangu akavila vyote bila neno.

Jirani yetu mmoja, hodari wa kushika habari za watu, aliniona natwanga unga mweusi saa ya mchana mlango nimeurudisha. Lo! Kabla ya alasiri mtaa mzima unajua natengeneza limbwata. Nilimfuata mpaka uani kwake nikamwambia kwamba ningekuwa na limbwata lenye nguvu ningeshampa mume wangu zamani amwache farasi. Siku ya pili yake akaja kunisaidia kuchekecha, na mwisho alikuja mara nyingi kuliko nilivyomtaka.

Yule farasi mwenyewe mwanzo aliukataa. Mume wangu alitia konzi moja kwenye pumba, akachanganya na sukari guru ili apotezwe na utamu. Farasi akanusa, akapiga chafya, unga wote ukamrukia mume wangu usoni, akarudi nyumbani nyusi zimejaa mwani. Siku nyingine akaramba sukari akaacha pumba. Kisha akala nusu. Kisha mume wangu akaniita nije nione. Nilikwenda na kikapu, na kabla sijafika bandani nikasikia analia kwa ndani, ile sauti ya kifuani, kanisikia harufu. Mume wangu akaniambia nifungue kiganja. Nikaweka mwani mkavu, nikafumba macho kwa woga. Mdomo wake ulikuwa laini kuliko nilivyodhani, na joto. Alikomba mpaka chembe ya mwisho, akabaki ameweka pua yake kiganjani mwangu, anapumua.

Wivu wangu uliishia pale. Nilimpenda. Tangu mtoto wangu wa pili sikuwa nimepewa kitu cha kulisha, na sasa niliamka naye akilini, nawaza maji yatapwa saa ngapi, jua litatosha au halitatosha. Mie na mume wangu tulianza tena kuzungumza jioni, sisi wawili, hatukuwa tumezungumza vile tangu msiba wetu. Tulizungumza juu ya kwato.

Kwato mpya ilitoka juu kama ukucha, laini, haina ufa, ikawa inasukuma ile mbovu chini. Manyoya yakaota, mekundu ya kahawia, na mume wangu akiyapiga brashi yanawaka. Sijui kama ni mwani. Yawezekana ni pumba nzuri za Buguruni, au mvua kukatika, au mkono wa mume wangu, au yote pamoja. Mie nilisema ni mwani kwa sababu mwani ulikuwa kazi yangu. Tuliandaa mpaka siku ya kumtoa: Ijumaa, baada ya sala, mzee atakuja na watu wake, na mume wangu atamwongoza mwenyewe hadi Buguruni. Mzee alikuwa ameshamshonea hatamu mpya. Jirani yule wa limbwata alisema lazima tumpigie vigelegele akipita Kinondoni, na tulikubaliana.

Wiki ile ile Bwana alipita bandani, nami nipo, nimeleta mwani. Alikuwa hajamtazama yule jike tangu mvua. Alisimama mlangoni, akamwuliza mume wangu huyu ni farasi gani. Mume wangu, maskini, alijivuna. Akamtoa nje juani, akamzungusha, akamwonyesha kwato moja moja. Bwana akataka atandikwe. Akampanda, akashuka naye ufukweni, tukamwona akienda mbio ukingoni mwa maji, na yule jike anakanyaga kama hajawahi kuumwa. Memsahibu alipiga makofi kibarazani. Mume wangu alinishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniambia, "Umemwona mwanangu?"

Nilimwona. Na Bwana alimwona. Jioni iliyofuata alimpanda tena, na ya pili yake, na kila alipomrudisha alikaa naye bandani akimpapasa shingo. Kipya kinyemi. Sie tulifurahi. Tulidhani mtu akikipenda kitu atakitakia uhai.

Siku moja kabla ya Ijumaa mume wangu alimkumbusha Bwana kwamba kesho mzee wa Buguruni anakuja. Bwana akasema hapana. Akasema alipokuwa mifupa hakuona ubaya aende na yeyote, alikuwa anakufa hata hivyo. Lakini farasi mzuri namna hii hawezi kumwacha akavute mikokoteni ya magunia. Atakwenda pamoja na dume.

Mume wangu alimtumia mzee mtu, mzee akaja siku ile ile. Aliapa kwa Mungu kwamba hakuna mkokoteni, kwamba farasi atakaa kivulini mpaka afe kifo chake. Bwana alimsikiliza kwa heshima, akampa mkono, akakataa. Memsahibu alikuwa upande wetu, alisema naye ndani mpaka sauti yake ikasikika nje, kisha akatoka na macho mekundu na hakututazama. Mzee akaondoka akisema atarudi Ijumaa baada ya sala, huenda moyo wa mtu ukageuka usiku mmoja.

Mume wangu alikuwa mtu asiyeinama kwa mtu. Masaisi wenzake walimcheka kwa hilo. Siku ile alipiga magoti kwenye kokoto akamshika Bwana miguu. Bwana alimwinua kwa mikono yake miwili, na yeye pia anatokwa na machozi, ndiyo, niliyaona, akasema kwa Kiswahili chake kile cha kuvunjika:

"Kwetu ukimpenda mnyama, humwachi nyuma."

Nasema wazi, nilimchukia. Najua hakuwa mtu mkatili, alitulipa vizuri na alitujulia hali tukiumwa, na nikimkumbuka sasa hivi namchukia tena. Tulifikiria kumtorosha. Umtoroshe farasi umpeleke wapi? Mji mzima farasi ni wa kuhesabika, kila askari anajua ni wa nani, na wa kwanza kufungwa angekuwa mzee wa Buguruni. Tukaacha.

Ijumaa asubuhi mapema niliambiwa nisiende, nikaenda. Yule jike alikuwa hajala tangu jana, nadhani alimwona mume wangu alivyo. Walimtoa mpaka nyuma ya mikorosho ambako shimo lilikuwa tayari. Alisikia bunduki ya dume, akaanza kurukaruka, macho yanamtoka, na Bwana akasema asipotulia ataumia bure. Mume wangu akanitazama. Nilikuwa na mwani kwenye fundo la khanga. Nikampa. Akaufungua kiganjani, akamsemesha, akamsemesha, na yule akashusha kichwa akaanza kula. Alitulia kabisa. Bwana alikuwa mpigaji hodari, hilo nalo nimpe.

Mume wangu alibaki ameshika kamba. Ilibidi nimfungue vidole.

Mzee wa Buguruni alitimiza ahadi, alikuja baada ya sala, hatamu mpya begani. Sie tulikuwa tumekaa chini nje ya banda tupu, maana hatukujua pa kwenda. Akatuona, akajua. Aliivua ile hatamu akaishusha nyuma ya mgongo wake kama mtu anayeficha kitu mbele ya wafiwa. Mume wangu akamwamkia shikamoo, akaitikiwa, kisha akamwambia bila kuinua uso:

"Shekhe, ulimtaka hivi hivi alivyo."

"Nilimtaka, mwanangu."

"Mie nikakwambia subiri."

"Uliniambia."

"Ningekupa siku ile, na mifupa yake, leo angekuwa kwako."

Nilimtazama mzee. Nilimwomba kwa macho, na moyoni nikamwomba Mungu, aseme hapana. Aseme angekufa njiani, aseme Mzungu angemfuata hadi Buguruni, aseme uongo wowote ule, siku ile moja tu. Lakini alikuwa mtu wa kweli maisha yake yote, na sikumsamehe mpaka alipokufa. Alimwekea mume wangu mkono begani.

"Ndiyo," akasema. "Angekuwa kwangu."